Kirikou et la Sorcière: kitoto kinachouliza kwa nini mchawi ni mbaya

Ndani ya kibanda, mama mjamzito ameketi peke yake. Sauti inatoka tumboni ikimwambia amzae. Mama hashtuki, anajibu kwamba mtoto anayeweza kusema akiwa tumboni anaweza pia kujizaa mwenyewe. Basi mtoto anatambaa nje, anajikata kitovu na kujitaja jina: Kirikou. Anaomba aogeshwe, na mama anamjibu vilevile, kwamba aliyejizaa ataweza kujiogesha. Kirikou anaingia kwenye chombo cha maji na kuanza kuyarusharusha, ndipo mama anamkanya asiyamwage, kwa sababu chemchemi ya kijiji imekauka na aliyeikausha ni mchawi Karaba. Mtoto anauliza baba yuko wapi. Alikwenda kupigana na Karaba, akaliwa. Na wajomba? Wameliwa wote isipokuwa mdogo wao, ambaye saa hiyo yuko njiani kwenda kupigana naye. Kirikou anatoka mbio kumfuata akiwa bado hana hata saa moja duniani.

Huo ndio mwanzo wa Kirikou et la Sorcière, yaani Kirikou na Mchawi. Kwa matukio machache na bila msimulizi wa kutueleza chochote, tumeshajua shida ya kijiji, nguvu ya adui, tabia ya mama na tabia ya mtoto. Filamu nyingi za watoto hutumia robo saa kufika hapo.

Aliyeiandika na kuiongoza ni Michel Ocelot, Mfaransa aliyekulia Conakry, Guinea, na hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Imejengwa juu ya ngano ya Afrika Magharibi. Ilitoka Ufaransa Desemba 1998, mwaka uliofuata ikapata tuzo kuu ya filamu ndefu kwenye tamasha la Annecy, ambalo ndilo kubwa katika fani ya katuni, na kwa Ufaransa pekee watu zaidi ya milioni 1 waliiona sinemani. Urefu wake ni zaidi kidogo ya dakika 70. Kwa watoto wadogo urefu huo ni wa neema. Mapitio haya yanataja kisa hadi mwisho, kwa sababu mzazi anayetaka kuwawekea wanawe anahitaji kujua nini kinakuja.

Visa vya mtoto anayesafiri kwenye ulimwengu wa uchawi huwa na mpango unaojulikana: kuna kitu cha kutafuta, upanga, pete, ua la tiba, na mtoto akikipata kazi imekwisha. Kirikou hatafuti kitu. Anatafuta jibu la swali moja, kwa nini Karaba ni mbaya, na anamuuliza kila anayekutana naye. Mjomba hajui na hataki kusumbuliwa. Wengine wanamwona msumbufu. Wanasema Karaba ni mchawi, na wachawi ni wabaya, basi. Mama yake tu ndiye anayelichukulia swali hilo kwa uzito, na ndiye anayemwambia kwamba mwenye jibu ni babu yake, mzee mwenye hekima anayekaa ndani ya mlima ng'ambo ya nyumba ya Karaba. Safari yote ya nusu ya pili ya filamu ni safari ya kwenda kuuliza. Hili ndilo linaloifanya filamu hii ikae na mtoto siku nyingi baada ya runinga kuzimwa. Linakwenda sambamba na umri ambao watoto huuliza "kwa nini" mpaka wakubwa wanachoka, na hapa anayeuliza ndiye anayeokoa kijiji.

Jambo la pili linalostahili kutazamwa kwa makini ni jinsi Kirikou anavyofanya kazi. Ukiacha kwamba alizaliwa akisema na kwamba anakimbia kama upepo, uchawi wote wa kisa hiki uko upande wa Karaba. Mtoto ana udogo wake, ambao haufiki hata magotini mwa mtu mzima, na ana vifaa vya kawaida vya nyumbani. Kila kikwazo kinatatuliwa kwa kitu kinachoshikika, na mtoto anayetazama anaweza kufuata hesabu yake hatua kwa hatua.

Kwa mjomba anatumia kofia. Anajificha chini yake, na mpiganaji anapoonywa hatari na sauti itokayo kwenye kofia, Karaba anaamini kofia ile ina uchawi na anaitaka. Watoto wa kijiji wanapovutwa na mtumbwi mzuri uliotokea mtoni peke yake, mtumbwi unaondoka nao kuelekea kwa mchawi. Kirikou, ambaye walikuwa wamemkataa asicheze nao kwa kuwa ni mdogo mno, anautoboa kwa kisu hadi unazama. Wanaogelea kurudi, wanamwimbia. Kisha wanamsahau, wanapanda mti mzuri uliotokea nao peke yake, na mti unawafumba ndani ya matawi yake. Kirikou anakwenda tena na kisu. Watu wazima hudhani kurudiarudia huku ni udhaifu wa uandishi. Ndivyo ngano zinavyosimuliwa: tukio la kwanza linamfundisha msikilizaji kanuni, la pili linampa nafasi ya kupiga kelele "usipande!" kabla ya mhusika kupanda. Tazama na mtoto wa miaka 5 au 6 na utasikia kelele hiyo bila kuiomba.

Kwenye chemchemi ndipo ufundi huu unafika kileleni. Wanakijiji wameamini kwamba Karaba ameilaani, basi hakuna la kufanya. Kirikou anaingia ndani ya tundu lenyewe, mahali ambapo mtu mkubwa hawezi kupita, na kukuta kwamba laana hiyo ni mnyama mwenye kiu isiyoisha, aliyevimba kwa maji yote aliyokunywa. Anatoka, anaomba chuma kilichochomwa motoni hadi kikawa chekundu, anarudi nacho kwa taabu kwenye njia nyembamba, anamtoboa mnyama. Maji yanapasuka kwa nguvu, kijiji kinashangilia, wanajaza mitungi, na mama peke yake anagundua kwamba mtoto hajatoka. Maji yanamleta akiwa amelala bila kutikisika.

Hapo filamu inafanya jambo ambalo katuni chache hulithubutu: inanyamaza. Furaha ya kijiji inakatika, mama anamkumbata mwanawe, na tunaachwa hapo kwa muda. Baadaye anafumbua macho. Lakini kwa mtoto mdogo au mwepesi wa kuumia, sekunde hizo ni ndefu. Kaa karibu naye.

Njia ya kwenda kwa babu inafuata mantiki ileile ya vifaa na vipimo. Juu ya paa la Karaba kuna sanamu mlinzi anayeona kila kitu kinachotembea juu ya ardhi, kwa hiyo Kirikou anapita chini ya ardhi. Mama anampa kisu cha baba yake, naye anachimba. Ndani ya mahandaki anakutana na kindi wa ardhini wanaotishwa na kicheche, anawasaidia, nao baadaye wanamlipa wema. Juu anajigeuza ndege kwa kujivika manyoya, kisha anajikuta juu ya mgongo wa ngiri anayekwenda kasi bila breki. Sehemu hii ndiyo ya kuchekesha kuliko zote, na watoto watataka irudiwe.

Babu anapatikana ndani ya kichuguu kikubwa, amevaa buluu, katika mwanga mtulivu tofauti na chochote tulichokiona kijijini. Jibu lake ndilo kiini cha kisa. Karaba hakuzaliwa mbaya. Wanaume walimshika na kumchoma mwiba wenye sumu kwenye uti wa mgongo. Mwiba huo unamuumiza mchana na usiku, na kutoka kwenye maumivu hayo zinatoka nguvu zake za uchawi. Ukitolewa atapona, lakini atapoteza nguvu, na kuutoa kutamuuma sawa na siku ulipoingizwa, kwa hiyo hamruhusu mtu yeyote kumkaribia mgongoni. Na wale wanaume wa kijiji hawakuliwa. Amewageuza kuwa sanamu za mbao zinazomtumikia, zilezile tulizokuwa tunaziogopa tangu mwanzo.

Kirikou anaomba hirizi. Babu anakataa: asiye na hirizi hategemei kitu, hukaa macho, na hilo ndilo litakalomsaidia. Kisha mtoto, ambaye tangu azaliwe hajalalamika hata mara moja, anasema kwamba wakati mwingine anachoka kupigana peke yake, na anaogopa kidogo. Anaomba kukaa mapajani. Babu anampakata. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye thamani kubwa kuliko pote katika filamu nzima. Mpaka dakika hiyo tumekuwa tukimshangilia kama shujaa, na ghafla tunakumbushwa kwamba huyu ni mtoto mchanga ambaye watu wazima walimwachia mzigo wao.

Kwenye michoro, watu wamechorwa kwa mistari safi, mara nyingi wakitazama upande mmoja kama katika michoro ya Misri ya kale, na mimea imejaa jani kwa jani kwa mtindo unaokumbusha picha za misitu za mchoraji Henri Rousseau. Kila mahali pana rangi yake: kijiji ni njano na kahawia, eneo la Karaba ni kijivu na jekundu lisilo na jani hata moja, msitu ni kijani kibichi, kwa babu ni buluu na nyeupe. Mtoto asiyefuata mazungumzo atajua yuko wapi kwa rangi tu. Uchache wa fedha unaonekana. Wahusika wa nyuma husimama bila kutikisika huku mmoja anaongea, na baadhi ya miondoko ya kutembea inarudiwa. Kazi ya uchoraji iligawanywa kwenye studio za nchi kadhaa, pamoja na Latvia na Hungaria, na hapa na pale mkono unatofautiana kidogo. Aliyezoea katuni za kompyuta zenye nywele zinazopepea ataliona hilo kwa dakika kumi za kwanza, kisha atalisahau. Anayetazama kwa jicho la fundi ataona kwamba utulivu huo unamsaidia Kirikou: kwa kuwa wengine wote wanakwenda taratibu, mbio zake zinaonekana kama umeme.

Muziki ni wa Youssou N'Dour, mwanamuziki wa Senegali, uliotengenezwa kwa ala za asili, kora na marimba ya Afrika Magharibi zikiwa mbele. Nyimbo zenyewe ni chache na fupi, na zinaimbwa na wanakijiji ndani ya kisa: kila Kirikou anaposhinda, watu wanapiga makofi, wanacheza na kumsifu. Wimbo mmoja huo unaorudi ndio mtoto ataondoka nao.

Sauti za Kifaransa zilirekodiwa Dakar na waigizaji wa Senegali, na hili ni jambo la kuzingatia unapochagua toleo. Awa Sene Sarr anampa Karaba sauti ambayo haihitaji kupaza ili itishe. Anaamuru kama mtu asiyewahi kukataliwa, na ukishajua habari ya mwiba, ukirudia kutazama utasikia uchovu ndani ya ukali ule. Kwenye toleo lililotiwa sauti za lugha nyingine, hicho ndicho kinachopotea kwanza. Ushauri wangu ni Kifaransa chenye maandishi ya tafsiri chini ya picha. Kwa watoto wasiojua kusoma, mkubwa mmoja awasomee kwa sauti. Inawezekana kabisa, kwa sababu mazungumzo ni mafupi, sentensi moja kisha kimya, na kuna nafasi ya kusoma na hata kujibu swali kabla ya sentensi inayofuata. Mara nyingi kinachoharibu ni kujaribu kutafsiri kila kitu na kuongeza maelezo. Soma kilichoandikwa tu, picha itamaliza.

Kabla ya kuiwasha, yapo mambo mawili matatu ya maandalizi. Watoto katika filamu hii hawana nguo, na wanawake wako vifua wazi, kama ilivyo katika mazingira ya kisa. Ocelot alishinikizwa awafunike na akakataa, na alifanya vyema, kwa kuwa hakuna picha hata moja inayouchezea mwili wa mtu. Watoto wadogo hawalitilii maanani. Wanaoanza kuona haya, kuanzia miaka 8 hivi, wanaweza kucheka mwanzoni, na neno moja kutoka kwa mzazi kabla filamu haijaanza linatosha. Kuwe na giza kidogo chumbani, na tumia skrini kubwa kuliko simu kama ipo. Sehemu za mahandaki na nyumba ya Karaba zimechorwa kwa rangi nzito, na kwenye simu mchana Kirikou hupotea kabisa, ukikumbuka jinsi alivyochorwa mdogo. Kama runinga imewekwa inyooshe picha ijaze kioo, ondoa mpangilio huo, vinginevyo watu wote watanenepa na ile mistari safi itaharibika.

Umri? Naona miaka 5 kwenda juu. Ukiacha tukio la chemchemi, kuna sanamu za mbao ambazo sura zao zinaweza kumfuata mtoto kitandani, na kuna kibanda cha bibi mmoja kinachochomwa moto kwa sababu alimficha Karaba dhahabu yake. Kwa anayeogopa sanamu, kuna dawa nzuri: mwambie mapema kwamba mwishoni zitageuka kitu kizuri, bila kusema ni nini.

Habari ya mwiba inahitaji fikra zaidi. Mtoto mdogo anaipokea kama ilivyo: watu walimuumiza, ndiyo maana ana hasira. Mkubwa atasikia ndani yake habari ya mwanamke aliyefanyiwa ukatili na kundi la wanaume, na kijana wa miaka 12 au 13 anaweza kuuliza moja kwa moja. Filamu imeliweka hilo kwa heshima, haionyeshi kitendo, na inaacha mlango wazi kwa mzazi anayetaka kuzungumza. Usilazimishe mazungumzo hayo kwa mdogo asiyeyauliza.

Upungufu upo, na mkubwa zaidi uko mwishoni. Kirikou anamvuta Karaba nje kwa kuizika dhahabu yake msituni, anamrukia mgongoni akiwa ameinama kuichimbua, na kuung'oa mwiba kwa meno. Kilio chake, kisha maua yanayochipuka pale alipokanyaga, vimefanywa vizuri mno. Baada ya hapo mambo yanakimbizwa. Kirikou anamwomba amuoe, Karaba anajibu kwamba hataki kuwa mtumishi wa mwanamume yeyote, jibu lenye uzito baada ya yote aliyopitia, na lingestahili kuachwa litulie. Badala yake linafuata ombi la busu, na kwa busu hilo mtoto anageuka kijana mzima. Ngano huruhusu mambo hayo. Lakini sisi tumekaa saa nzima tukimpenda Kirikou kwa udogo wake, na filamu inamwondoa kana kwamba udogo ulikuwa ugonjwa wa kuponywa. Watoto wengi huuliza yule mdogo amekwenda wapi, nao wana haki ya kuuliza. Wanakijiji nao wangefaa kupewa rangi zaidi. Wanasifu, wanasahau, wanalaumu, na ukimwondoa mama, hakuna mtu mzima kijijini unayemkumbuka kwa wema.

Hata hivyo kurudi kijijini kunaokoa mengi. Watu wanamwona Karaba na kutaka kumuua, hawamtambui kijana aliye naye, na anayemtambua ni mama, bila kuhitaji ushahidi. Kisha ngoma zinasikika kwa mbali, na wanaume waliodhaniwa wameliwa wanatokea, babu akiwa mbele yao. Nyuso za wanawake zinapogeuka kuelekea sauti ile, usizungumze, waache watoto waone.

Baadaye Ocelot alirudi kwa Kirikou mara mbili: 2005, katika filamu aliyoiongoza pamoja na Bénédicte Galup, inayohusu wanyama wa porini, na 2012, inayohusu wanaume na wanawake wa kijiji. Zote mbili ni visa vifupi vinavyosimuliwa na babu, vya wakati ambao Kirikou bado mdogo na Karaba bado ana mwiba. Kwa hiyo zinafaa kuwekwa kisa kimoja kimoja jioni, kwa mtoto wa miaka 4 ambaye hajawa tayari kwa ile ya kwanza, au kwa yule aliyeumia kumwona Kirikou akikua. Swali la kwa nini halimo humo kwa uzito uleule, maana jibu limeshatolewa. Kama unachagua moja tu, chagua ya 1998, na mara ya pili mkiitazama, mwangalie Karaba kila anapogeuka: hampi mtu mgongo.